IDADI YA WATU: NANI NI MTU KATIKA HESABU YAKO?



Himdi zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad ﷺ, aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Leo mnivumilie, somo ni refu kidogo. Ukichoka, ihifadhi urudi nayo baada ya Isha.

Mwaka mmoja, wiki moja kabla ya Ramadhani, tulizunguka mtaani hapa Mikumi, mimi na vijana wawili wa kamati ya msikiti. Tulikuwa na daftari lenye safu tatu: jina la mkuu wa kaya, namba ya simu, na idadi ya watu. Kuna wahisani walikuwa wameahidi unga, mchele, sukari na tende, na kila kaya ingepata kulingana na idadi ya watu wake.

Tukafika kwa mzee mmoja tunayemheshimu sana, mtu wa safu ya mbele. Nikamuuliza: "Mzee wangu, hapa mko watu wangapi?" Akajibu bila kusita: "Andika watano, Shekhe." Kijana akaandika 5. Tulipokuwa tunaaga nikamwona binti uani, anasugua masufuria. Nikauliza: "Na huyu?" Mzee akatabasamu: "Aa, huyo ni dada wa kazi tu."

Sikusema kitu. Tukaondoka na 5 yetu.

Usiku jibu lile likanirudia. Mimi sikumuuliza ana watoto wangapi. Nilimuuliza mko watu wangapi. Nikainuka, nikawasha taa, nikafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, pale nilipoandika kaya yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika 6. Kijana anayetuchungia mbuzi, anayelala chumba cha nje na kula chakula cha nyumba yangu, hakuwemo. Na mwandiko ule ulikuwa wangu.

Ndugu zangu, ndiyo maana leo nataka tuzungumzie maneno haya matatu tunayoyasikia kila siku redioni, shuleni na ofisi ya mtendaji: idadi ya watu.

NENO LENYEWE

Waingereza wana neno moja, population, lililotoka katika Kilatini populus, maana yake watu. Sisi hatuna neno moja. Kiswahili kinatulazimisha tutaje vitu viwili: idadi, kisha ya nani. Hapa Mikumi tunaelewa vizuri, maana tunaishi kando ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Mhifadhi atakwambia idadi ya tembo, idadi ya twiga, idadi ya nyumbu. Akitaka kututaja sisi lazima aseme idadi ya watu. Ukiondoa hilo neno la mwisho, umebaki na namba ambayo haijulikani ni ya nani.

Hili neno idadi tumelipata kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuhesabu. Mzizi huohuo ndio uliotupa neno eda. Sote tunajua eda: siku za kuhesabu za mwanamke aliyefiwa au aliyeachwa. Kwa nini zinahesabiwa? Ili nasaba ya mtoto aliye tumboni isipotee, ili haki ya mwanamke ya kukaa na kutunzwa iwe na mpaka unaojulikana, ili asiolewe juu ya haki ya mtu mwingine. Ukihesabu vibaya eda, umedhulumu. Kwa hiyo ndani ya sheria yetu kuhesabu kuna kazi: kunalinda haki ya mtu, hata ya yule ambaye bado hajazaliwa.

Waarabu wakitaka kusema wakazi wa mahali husema sukkaan, kutoka mzizi wa kukaa na kutulia. Humo tumepata maskani, mahali pa kukaa. Humo kuna sakina, utulivu wa moyo, tunaowaita binti zetu. Na wanalugha wanasema humo kuna maskini, mtu ambaye ufukara umemkalisha chini asiweze kutikisika. Maskani, sakina, maskini: ndugu watatu wa mzizi mmoja. Anayehesabu wakazi huku akimsahau maskini amevunja undugu wa maneno yenyewe.

Sasa niwape neno la kwetu. Wazee wa Kimamba na Rudewa wanalikumbuka: manamba. Mashamba ya mkonge ya Kilosa yaliletewa vibarua kutoka mbali. Wengine walitoka Songea, wengine Kigoma, wengine wakavuka kutoka Msumbiji na Burundi. Wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Mnyapara hakuhitaji kujua jina la baba yake wala kijiji chake, namba ilitosha. Wengi wenu mnaosoma hapa ni wajukuu wa watu hao. Babu yako alihesabiwa kila asubuhi, lakini alihesabiwa kama mkono wa kukata mkonge. Siku alipougua, ile namba ilipewa mtu mwingine.

Kwa hiyo kuna hesabu ya namna mbili. Ipo hesabu inayomfanya mtu awe namba, na ipo hesabu inayomlazimisha anayehesabu ampe mtu haki yake. Zote zinaweza kuandikwa kwa kalamu moja.

MTUME ﷺ ALIHESABU

Wapo wanaodhani kuhesabu watu ni jambo la wazungu. Si kweli. Katika Sahihi ya Bukhari, swahaba Hudhayfa (radhi za Allah ziwe juu yake) anasimulia kwamba Mtume ﷺ aliagiza aandikiwe kila aliyetamka Uislamu. Wakaandika wanaume 1,500.

Zingatia kilichofuata. Hudhayfa anasema walipoiona ile namba walijiambia: tutaogopaje nasi tuko 1,500? Kisha anasema walikuja kupewa mtihani mpaka mtu akawa anaswali peke yake huku anaogopa. Namba ilikuwa sahihi. Kilichokosea ni kuiegemea.

Na Umar bin Khattab (radhi za Allah ziwe juu yake) alianzisha daftari la diwani, kila mtu akaandikwa na fungu lake katika hazina. Mwanzo mtoto hakuandikwa mpaka aachishwe ziwa. Vitabu vya historia vinasimulia kwamba usiku mmoja Umar alisikia mtoto akilia, akaenda, akarudi mara ya pili na ya tatu, mtoto bado analia. Alipomuuliza mama, mama, asiyejua anazungumza na nani, akasema anamwachisha mtoto ziwa mapema kwa sababu Umar hatoi fungu kwa anayenyonya. Umar akaswalisha Alfajiri siku ile huku watu hawamsikii vizuri kwa kilio chake. Akatangaza kwamba kila mtoto wa Kiislamu ataandikwa tangu anapozaliwa.

Daftari lilikuwa la haki, mwandishi alikuwa mwadilifu kuliko sisi sote, na bado kulikuwa na mtu nje ya hesabu aliyekuwa akilia usiku. Tofauti yake na sisi ni kwamba aliposikia kilio, hakusema "huyo ni anayenyonya tu". Alirekebisha daftari.

MARADHI MATATU

Ndugu zangu, katika wilaya yetu ya Kilosa naona maradhi matatu katika jambo hili la idadi ya watu.

La kwanza: kuwatoa wengine katika hesabu.

Hili la dada wa kazi mmelisikia. Kuna ndugu ataniambia: "Shekhe, yule ana kwao, atahesabiwa kwa wazazi wake." Sikiliza. Kwao wamemtoa kwa sababu yuko kwako. Kwako umemtoa kwa sababu ana kwao. Basi yuko wapi? Anakula sahani gani siku chakula kinapogawiwa kwa idadi? Na sensa ya serikali inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Karani wa sensa hamwulizi kama ni mtoto au dada wa kazi ndipo aamue kumwandika. Hata dereva wa lori aliyelala gesti hapa Mikumi, hata abiria aliyekutwa stendi, wanahesabiwa. Karani alimwona binti yule ni mtu. Kamati ya msikiti haikumwona. Mimi kama imamu wenu nimeona haya kwa jambo hilo.

Mtume ﷺ alifundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula na tuwavike tunachovaa. Hukuambiwa uwalishe kilichobaki.

Na kuna aina nyingine ya kuwatoa watu, na hii imemwaga damu kwetu. Sikiliza tunavyosema: "Wananchi wamegombana na wafugaji." Mara ngapi umeisikia? Mara ngapi umeisema? Wananchi ni hawa, wafugaji ni wale. Kana kwamba Mmasai wa Twatwatwa au Mbarabaig anayepitisha ng'ombe Msowero ni mgeni wa nchi nyingine. Nao wafugaji wana majina yao ya kumwita mkulima, na si majina ya heshima. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Waliouawa walikuwa watu. Ng'ombe waliopigwa mishale na mashamba yaliyoliwa katika magomvi mengine kabla na baada ya hapo, navyo vilikuwa riziki ya watu.

Sisemi kwamba mwenye kulisha ng'ombe shamba la mtu ana haki. Hapana. Amedhulumu na alipe. Ila mwenye kudhulumu anashitakiwa akiwa mtu, mwenye jina lake. Ukishamwondoa katika neno wananchi, mkono unakuwa mwepesi. Allah katika Suratul Maida, aya ya 32, anatufunza kwamba anayeua nafsi moja bila haki ni kama ameua watu wote, na anayeihuisha moja ni kama amewahuisha wote. Mbele ya Allah mmoja haandikwi kama sehemu ndogo ya milioni 61. Mmoja ni wote.

La pili: kujitoa wenyewe katika hesabu.

Hapa naungama, na wazee wa Kilosa mjini watanishuhudia. Mwaka 2012, kabla ya sensa ya tarehe 26 Agosti, baadhi ya masheikh na taasisi zetu walitaka kipengele cha dini kirudishwe. Mara ya mwisho swali hilo kuulizwa ilikuwa sensa ya 1967. Serikali haikukubali. Wengine wakatangaza kususia, na wengine, BAKWATA ikiwemo, wakahimiza watu wahesabiwe. Mimi nilikuwa upande wa kususia. Niliwaambia watu baada ya swala wasifungue mlango, na familia yangu niliipeleka shamba siku ile.

Leo nikitazama nyuma naona jambo ambalo sikuliona wakati ule. Tulisusia kwa kuwa tulitaka wingi wetu ujulikane. Na kwa kususia, tukaupunguza wingi wetu kwa mikono yetu. Sensa ile ikatoka na watu 44,928,923, na watoto wangu hawakuwemo. Baadaye tulikwenda kulalamika kwamba darasa ni dogo na zahanati iko mbali. Siwezi kusema matatizo hayo yaliletwa na kususia kwetu, hilo Allah ndiye ajuaye. Ninachosema ni kwamba tulikwenda kudai kwa jina la watu ambao sisi wenyewe tulikataa waandikwe.

Hoja ya kipengele cha dini ina watu wake wenye elimu kila upande, na mtu ana haki ya kuidai kwa njia ya amani. Rai yangu leo ni hii: anayetaka kujua Waislamu wa mtaa wake ni wangapi, asimsubiri karani wa serikali. Aanze na daftari la msikiti wake. Misikiti mingapi hapa Kilosa inajua ina mayatima wangapi? Wajane wangapi? Wazee wangapi wasio na mtu wa kuwachotea maji? Tumegombea namba kubwa tusiyo na kazi nayo, tukaacha namba ndogo ambayo Allah atatuuliza.

Mwaka 2022, sensa ya tarehe 23 Agosti, nilikaa nyumbani. Karani alikuwa binti mdogo mwenye kishikwambi, amechoka na jua. Nikamkaribisha maji. Taifa likahesabiwa watu 61,741,120, na nyumba yangu imo. Lakini ndugu zangu, mwaka huohuo wa 2022 nilimtajia karani yule kijana wa mbuzi, kwa sababu aliniuliza nani amelala hapa. Kwenye daftari la futari, hakuna aliyeniuliza, nikamsahau.

La tatu: kujivunia hesabu.

Suratut Takaathur yote inatuonya juu ya kushindania wingi mpaka makaburini. Na katika Suratut Tawba, aya ya 25, Allah anawakumbusha Waislamu siku ya Hunayn, walipopendezwa na wingi wao na wingi ule usiwafae kitu. Siku ile walikuwa kama 12,000. Badr walikuwa mia tatu na kidogo, na wakashinda.

Na yuko katika Sunan Abu Dawud hadithi ya Thawban, ambamo Mtume ﷺ ametueleza zama ambazo mataifa yataitana juu yetu, na si kwa uchache wetu, kwani siku hiyo tutakuwa wengi, lakini kama takataka zinazobebwa na mafuriko.

Mtu wa Kilosa hahitaji kueleweshwa hadithi hii. Mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo, ukaingia mjini, ukang'oa reli, maelfu ya watu wakalala kwenye mahema. Tuliona yale maji yalivyobeba vitu: mabua, magogo, viatu, mapovu. Vilikuwa vingi kuliko uwezo wa kuhesabu. Na kimoja hakikushikana na kingine, kila kimoja kilikwenda maji yalikotaka. Huo ndio wingi usio na faida. Lakini mafuriko yaleyale yalituonyesha wingi wa namna nyingine: jirani aliyerudi ndani ya maji mara ya pili kwa sababu aliwahesabu watoto wa mwenzake, akaona mmoja hayupo.

Ndugu yangu, rudia sentensi hiyo. Aliwahesabu, akaona mmoja hayupo. Hiyo ndiyo hesabu ya Kiislamu. Unahesabu ili ujue nani hayupo.

TUFANYE NINI?

1. Leo usiku, kabla hujalala, hesabu nyumba yako kwa kanuni moja: nani analala hapa? Dada wa kazi, kijana wa ng'ombe, mpwa aliyeletwa asome, bibi wa chumba cha nyuma. Mjue kila mmoja kwa jina lake kamili. Kisha jiulize amekula nini, na mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi.

2. Kila msikiti uwe na daftari la majirani. Nimesema majirani, si waumini peke yao. Abdullah bin Amr (radhi za Allah ziwe juu yake) alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Mkristo wa nyumba ya pili na Mmasai wa boma la ng'ambo ya mto wawemo. Fiqhi ya zaka ina masharti yake na nitaieleza siku nyingine, ila sadaka na haki ya ujirani mlango wake ni mpana. Na daftari hilo ni amana: aibu za watu zisisomwe barazani.

3. Sensa hufanyika kila baada ya miaka kumi hivi. Ikija nyingine, fungua mlango, sema kweli. Usiongeze, usipunguze, usifiche mtoto mlemavu chumbani. Huo ni ushahidi, na ushahidi wa uongo unaujua hukumu yake.

4. Chunga ulimi. Acha kusema "wananchi na wafugaji". Sema wakulima na wafugaji, wote wananchi. Na lile neno "tu", la "dada wa kazi tu", lifute.

Nimalizie na daftari letu. Kesho yake nilirekebisha kwanza ukurasa wangu, 6 ikawa 7. Kisha nikarudi kwa yule mzee. Nikamwambia: "Mzee wangu, jana tulikosea mimi na wewe." Nikamweleza ya kwangu kabla ya yake. Akanyamaza, kisha akasema: "Nilidhani unauliza wanangu." Nikamwambia andika yalikuwa watu. Akasema: "Basi weka sita."

Kijana wa daftari akauliza jina kamili la binti. Mzee akafikiri, akafikiri, mwisho akamwita mkewe. Naye mama alijua la kwanza tu. Tukamwita binti mwenyewe. Akaja anafuta mikono kwenye kanga, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, akisubiri kijana aandike. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama pale akiangalia daftari mpaka alipoona limeandikwa.

Allah katika Suratu Maryam, aya ya 94 na 95, anatueleza kwamba amewadhibiti viumbe wote na amewahesabu sawasawa, na kila mmoja atamjia siku ya Kiyama peke yake. Hakuna kaya siku hiyo. Hakuna mkuu wa kaya. Binti yule atakuja peke yake, nami nitakuja peke yangu, na daftari litafunguliwa.

Ewe Mola wetu, uliyetuhesabu kabla hatujazaliwa, usitujaalie kuwa wenye kuwasahau uliowahesabu. Utusamehe tuliowaandika pungufu. Zijaalie nyumba zetu za Kilosa na Mikumi ziwe na sakina, wakulima wetu na wafugaji wetu wapatane, na wingi wetu uwe wa kheri. Amin.

Ukiona lina faida, mfikishie mwenzako. Na ukishahesabu nyumba yako leo usiku, niandikie hapa chini neno moja tu: nimehesabu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.